Mkutano wa kuacha pombe uko kanisani, na mjomba wangu ni imamu

Shangazi, assalaam aleikum.

Nakusoma kitambo na sikudhani nami nitakuandikia. Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Kisauni, nafanya kazi katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Mombasa. Kazi yetu ni makaratasi na kungojea. Kontena limekwama, meli imechelewa, mteja anapiga simu kila baada ya dakika tano. Nilianza kunywa na wenzangu wa kazini, bia mbili tatu Mtwapa jioni ya Ijumaa, mbali na mtaa. Mtwapa hakuna anayekuuliza wewe mtoto wa nani.

Siku hizi sinywi na wenzangu. Nanunua kota ya pombe kali karibu na kazini, naimimina kwenye chupa ya maji, naificha ndani ya droo chini ya mafaili. Ikifika saa nne asubuhi mkono unatetemeka hadi siwezi kutia sahihi. Nikipiga mafunda mawili unatulia. Jioni nanunua nyingine, na mshahara ukikatika napita mangweni kunywa mnazi, pale pale ambapo zamani nilikuwa nawacheka wanaokaa.

Nyumbani hakuna anayejua. Nina pipi za mnanaa mfukoni, nina mswaki, na kabla ya kuingia ndani napitia msikitini kusukutua. Wallahi naona haya hata kuliandika hilo. Mke wangu ni mtu wa kimya, hajawahi kuniuliza kitu, nami nampenda kwa ukimya wake. Nyumba inanukia vizuri, maana sasa anafukiza udi kila usiku, si Ijumaa peke yake kama zamani. Ufunguo wa gari nikirudi anauchukua yeye na kuuweka kabatini, anasema watoto wataupoteza. Karo ya shule ameniomba nimtumie siku ile ile ya mshahara, ati shule imebadilisha utaratibu. Kwa hiyo mambo ya nyumbani yanakwenda.

Mama yangu ndiye aliyeona nimekonda. Akasema ni jicho la watu, akaenda kwa ustadhi, akaniletea kombe, yale maji ya aya za Qur'ani. Nililinywa kwa adabu zote, kisha nikatoka nikaenda kunywa ninachokunywa.

Kinachonitia hofu ni hiki. Kila mwaka mwezi wa Ramadhani nilikuwa naacha kabisa, hata tone. Nikajiambia mimi si mlevi, mlevi hawezi kuacha mwezi mzima. Mwaka huu, siku ya pili ya mfungo, jasho lilinitoka, moyo ukaenda mbio, na usiku nikaona wadudu wanatambaa ukutani ambao mke wangu hakuwaona. Nikasema ni njaa na joto. Siku iliyofuata nikanywa baada ya futari, na nikaendelea hivyo hadi Idi.

Kazini tuna mzee mmoja, dereva wa lori, hanywi. Siku moja alinikuta nikiiweka chupa yangu droo. Akafunga mlango, akaniambia yeye ameacha miaka mingi, na kwamba kila Alhamisi jioni huenda kwenye mkutano wa Alcoholics Anonymous katika ukumbi wa kanisa, upande wa kisiwani. Hakuna malipo, hakuna kuandikisha jina. "Njoo ukae tu," akasema. Nilikwenda. Nilifika langoni nikaona msalaba juu ya mlango, na hapo nje yuko bodaboda wa mtaani kwetu anangoja abiria. Nikajifanya napokea simu, nikarudi.

Shangazi, mjomba wangu ni imamu wa mtaa. Ikisemwa nimeonekana naingia kanisani usiku, watasema nimeritadi. Na akitokea wa kunitetea kwamba si ibada, ni mkutano wa walevi, basi watasema hilo. Sijui lipi baya zaidi. Nimetafuta mkutano wa Waislamu, sikuupata. Vituo ninavyovijua ni vya vijana wa unga, na mimi si wa unga. Yule mzee ameniambia iko mikutano ya kwenye simu, lakini kwetu ukipiga chafya jirani anakuombea rehema. Je, niende? Nimwambie mke? Au ningojee Ramadhani ijayo nijikaze?

Baba wa Watatu, Mombasa

*

Waaleikum salaam warahmatullah, mwanangu.

Nitaanza na kile ulichokitaja kwa kupita, kwa sababu hakiwezi kungoja uamue habari ya mkutano. Ule mkono wa saa nne asubuhi, lile jasho la siku ya pili ya mfungo, na wale wadudu wa ukutani, havikutokana na njaa wala joto. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla huasi. Mtu anaweza kuanguka kama mwenye kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo. Baadaye kidogo, mara nyingi siku ya pili hadi ya nne, anaweza kuchanganyikiwa, akaona na kusikia visivyokuwepo, na wako wanaofariki katika hali hiyo. Kwa hiyo katika njia tatu ulizoniwekea, hii ya kungoja Ramadhani ujikaze peke yako ndiyo inayoniogopesha zaidi.

Nenda hospitali kwanza. Coast General inaweza kukupokea, na Port Reitz ina kitengo cha afya ya akili. Mweleze daktari kiasi unachokunywa bila kupunguza, na umsimulie usiku ule wa Ramadhani kama ulivyonisimulia mimi. Kuna dawa za kumtuliza mtu kwa siku chache hadi mwili uzoee, na kwa kawaida hupewa vitamini B1, kwa sababu pombe huimaliza mwilini na upungufu wake huharibu ubongo. Mpaka umwone daktari, usiiache pombe ghafla. Najua ni kauli nzito kutoka kwa mtu aliyekuitikia salamu hivi, lakini dharura ina hukumu yake, na nataka uwe hai.

Sasa tuje kwenye ulichoniuliza. Nikikusikia vizuri, unatafuta mahali ambapo watu watakujua ulivyo, bila kujulikana na wale wanaokujua. Hilo si ombi la ajabu. Karibu kila anayefika kwenye mikutano hii mara ya kwanza huingia nalo.

Kabla ya langoni, turudi nyumbani kwako kidogo. Umeniandikia kwamba hakuna anayejua. Kisha, ndani ya aya hiyo hiyo, umenipa mke anayefukiza udi kila usiku, anayeficha ufunguo wa gari ukirudi, na anayetaka karo ifike mkononi mwake kabla mshahara haujalala. Mimi sikai kwenu, siwezi kuapa. Lakini udi ni ghali, mwanangu, na mwanamke hauchomi kila usiku kwa kupenda moshi. Huenda ni mimi ninayesoma yasiyokuwepo. Huenda pia anajua tangu zamani, amekusitiri kwa mama yako na kwa mjomba wako, na amekuwa akizilinda roho za watoto barabarani bila kusema neno. Kama ni hivyo, ule ukimya unaoupenda ni kazi ngumu anayoifanya peke yake.

Sikwambii umwambie leo. Kumwambia kuna hatari zake. Anaweza kulia, anaweza kukasirika kuliko ulivyotarajia kwa sababu amengoja muda mrefu, anaweza kuwaita wakubwa wa ukoo kabla hujawa tayari. Ukiamua kusema, chagua wakati ambao hujanywa cha kukulevya na watoto hawapo, na usimpe ahadi ya kwamba hutagusa tena maishani. Mwambie unachokwenda kufanya wiki hii. Kuhusu daktari, ingefaa mtu mmoja wa nyumbani ajue, maana zile siku za mwanzo hazitakiwi kupitwa chumbani peke yako. Anaweza kuwa yeye, anaweza kuwa ndugu yako unayemwamini. Na ajue kwamba jamaa za wanywaji nao wana mikutano yao, Al-Anon, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1951. Waliianzisha wake za wanywaji, walioona kwamba nao wanahitaji pa kupumulia.

Sasa ule msalaba mlangoni. Sitakudanganya kwamba jambo hili halina harufu ya Ukristo. Alcoholics Anonymous ilianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, Ohio, pale dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, wote walevi waliokata tamaa, walipogundua kwamba wakizungumza wao kwa wao kiu inapungua. Walikuwa wametoka kwenye kikundi cha Kikristo, na lugha ya hatua zao kumi na mbili za kuacha pombe inaonyesha. Lakini walipoziandika kitabuni mwaka 1939 waliweka maneno "Mungu kama tulivyomfahamu", makusudi, ili yule asiyekuwa wa kanisa lao apate pa kukaa. Ukumbi wa kanisa mara nyingi ni ukumbi tu: una viti, kodi yake ni ndogo, na jioni za katikati ya wiki uko wazi. Baadhi ya vikundi hufunga kwa dua ya kuomba utulivu na ujasiri. Asiyetaka kuisoma hunyamaza, akasoma yake moyoni. Kama kuna kikundi kinachokwenda mbali zaidi ya hapo, muulize yule mzee mapema ili usishtukie ndani.

Na si kweli kwamba Waislamu hawazipiti njia hizi. Tazama ng'ambo kidogo, Zanzibar. Zile soba hausi, nyumba za kuishi wanaoacha ulevi, zilizoanza kufunguliwa huko mwaka 2009 zinafuata hatua hizo hizo kumi na mbili, na waliomo huamka alfajiri wakaswali. Huko Baltimore, Marekani, Waislamu waliokuwa wamezama kwenye ulevi walianzisha Millati Islami mwaka 1989, wakaziandika hatua upya kwa lugha ya dini yetu. Sijakuletea haya ili ukaanzishe chama kesho. Mtu anayetetemeka haanzishi chama. Lakini baadaye, mkiwa wawili au watatu mliojuana, hakuna kinachowazuia kukaa barazani baada ya Isha mkazungumza yale yale.

Umesema wewe si wa unga. Neno hilo nimelisoma mara mbili. Pwani yetu imeumizwa sana na heroini, na ndiyo maana waliojitolea, kama shirika la Kiislamu la MEWA hapa Mombasa, walielekeza nguvu huko. Matokeo yake ni kwamba watu wetu wanaoelewa uraibu, na ambao ni Waislamu, na wanaozungumza Kiswahili chako, wengi utawakuta huko huko kwa wa unga. Narcotics Anonymous, ndugu ya ule mkutano wa Alhamisi, huihesabu pombe kuwa dawa ya kulevya kama nyingine, na mnywaji hafukuzwi. Utahisi uko na watu wa daraja lingine. Nao wakikutazama na shati lako la ofisini huenda wakahisi hivyo hivyo, kwa siku chache. Hatari yake ni kwamba vijana hao wengine wamekua mtaani kwenu, kwa hiyo kama kinachokuponza ni macho ya mtaa, huko macho yapo zaidi.

Mikutano ya simu imekuwa mingi tangu corona ya 2020. Unaweza kuzima kamera, ukavaa vipokea sauti, ukasikiliza kutoka ndani ya gari lililoegeshwa. Ni njia nzuri ya kuonja. Mingi ni ya Kiingereza, na ubaya wake ni kwamba hakuna anayeuona mkono wako wala kusikia pumzi yako, na ikifika pale panapochoma unabonyeza kitufe umeondoka. Kwa wengine inatosha. Wengine wameitumia kama ngazi ya kufikia chumba chenyewe.

Chumba chenyewe kikoje? Mtu mmoja anaongoza, na uongozi hupokezanwa. Kitu kifupi kinasomwa. Kisha mmoja anasimulia alivyokunywa, kilichotokea, na anavyoishi sasa, halafu mwingine, na hakuna anayemjibu wala kumsahihisha. Kikapu kinapitishwa kwa ajili ya chai na kodi; mgeni hahitaji kutia kitu. Jina ni la kwanza peke yake. Zamu ikikufikia unaweza kusema "nitasikiliza tu", ikapita. Sharti la uanachama ni moja, utake kuacha kunywa. Kuna mikutano ya wazi, ambayo hata jamaa huruhusiwa, na kuna ya ndani, ya wenyewe peke yao. Kwa hofu uliyonayo, uliza Alhamisi ile ni ya aina gani. Na linalosemwa mle hubaki mle. Sisi tunaliita sitara, na mtu wa Mombasa hahitaji kufundishwa thamani yake. Ila niseme ukweli, ni ahadi ya watu, haina polisi. Kwa kawaida huheshimiwa kwa sababu kila aliyemo ana chake cha kufichiwa.

Je, inafaa? Mwaka 2020 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya tafiti 27 yalionyesha kwamba programu za kumuunganisha mtu na mikutano hii zinasaidia watu kukaa bila pombe sawa na tiba nyingine za mazungumzo, na mara nyingine kuzizidi. Nyingi ni tafiti za nchi tajiri, na haimaanishi kila anayeingia anapona. Wako wanaoona vikundi havikuwafaa wakashikana na daktari au mshauri wakafika. Pia kikundi hutofautiana na kikundi, kwa hiyo ukienda mara moja ukachukia, umekichukia kikundi kimoja.

Nikuulize kuhusu yule bodaboda. Alikuona langoni, au ni wewe uliyemwona? Na Mtwapa nako kuna bodaboda, mwanangu. Mangweni kuna watu wanaokaa hapo kutwa, na wote wana macho. Sisemi maneno ya mtaa ni mepesi. Yatamgusa mjomba wako mimbarini, yatawafikia watoto madrasani, na wewe ndiye utakayeishi nayo. Nauliza tu kama umeyapima na maneno ambayo huenda yanasemwa tayari. Wewe peke yako ndiye uwezaye kuyapima.

Mjomba nitamgusa kwa uangalifu kwa sababu simjui. Kuna maimamu watakaokusomea hukumu ya pombe kana kwamba hujaisikia. Kuna wengine wamekaa na walevi wengi faraghani kuliko unavyodhani, na neno moja lao, kwamba fulani anakwenda kutibiwa, lingefunga midomo ya mtaa mzima. Kama hujui wako ni wa namna gani, mpime kwa swali la rafiki: kuna mtu anataka kuacha, matibabu yake yako kwenye ukumbi wa kanisa, aende? Maswali ya "rafiki yangu" maimamu wameyazoea. Jibu lake litakuonyesha kama mlango huo ni wa kubisha au wa kupita kimya. Na kombe la mama usiligombanie. Amekupa alicho nacho.

Kuna jambo la kazini ambalo hukuniuliza. Chupa ile ya maji ni hatari kuliko ukumbi wa kanisa kwa mkate wa watoto wako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44, inamruhusu mwajiri kumfuta papo hapo anayelewa saa za kazi hadi asiweze kuifanya kazi yake. Ukihitaji siku za matibabu, barua ya daktari ya likizo ya ugonjwa ni njia yenye heshima, na huna haja ya kumweleza meneja yote. Yule mzee aliyefunga mlango angeweza kwenda kusema. Hakusema.

Kwa hiyo kama siku moja utajaribu tena Alhamisi, huhitaji kusimama langoni peke yako. Mwombe mkutane mahali pengine, mwingie pamoja. Muulize kama ukumbi una mlango wa upande wa pili. Muulize nani mwingine atakuwepo, si majina, bali kama yuko wa Kisauni na kama yuko Muislamu. Keti karibu na mlango. Na ikiwa kisiwani ni karibu mno na macho, NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana simu ya bure, 1192, usiku na mchana. Unaweza kuwauliza mahali pengine pa kusaidiwa bila kutaja jina lako.

Daktari ni wiki hii, tafadhali. Mengine yapange kwa mwendo wako. Niandikie ulivyofika, na kama hukufika pia niandikie, uniambie ulisimama wapi tuanzie hapo.

Shangazi